Mtani Aliyelala Kaburini: Iringa na Mbeya Walivyoushinda Woga kwa Maneno ya Papo kwa Papo

Jeneza limeshafika. Udongo mwekundu umerundikwa pembeni, baridi ya Iringa inapiga, wanawake wameshika viuno, sauti zimewakauka kwa kulia. Ghafla mwanaume mmoja anaruka ndani ya kaburi, anajilaza chali na kufumba macho.

"Humu sitoki," anasema. "Marehemu kaondoka na deni langu la ulanzi. Nilipeni, au mkatafute shimo lingine."

Kimya. Halafu sauti inatoka upande wa wafiwa: "Toka humo wewe Mngoni! Deni gani, wakati ulanzi wenyewe ulikuwa unaomba?"

Jamaa hafumbui hata jicho. "Nilikuwa naomba kwa sababu Mhehe hatoi mpaka aombwe. Na hili kaburi mmelichimba fupi, ndugu yenu akitaka kunyoosha miguu je?"

Watu wanaangua kicheko. Kijana wa marehemu, ambaye tangu asubuhi hajafungua mdomo, naye anacheka huku machozi yanamtiririka. Anatoa noti mfukoni, anainama, anampa. Jamaa anatoka kaburini, anajipangusa vumbi, anachukua chepe na kuanza kazi ya kufukia.

Mambo ya aina hii yamejirudia kwenye misiba ya Nyanda za Juu Kusini kwa vizazi kadhaa. Majina ya marehemu yanakumbukwa, hata ya machifu yameandikwa vitabuni. Jina la yule jamaa wa kaburini halikuandikwa popote. Lakini ukifuatilia vizuri, utakuta alikuwa na kazi ngumu kuliko wote pale: kusema kitu cha kuchekesha, bila maandalizi, mbele ya watu walioshikwa na hofu kubwa kuliko zote. Huyo ndiye mtani.

Mtani siyo mchekeshaji tu

Leo ukisema "utani", wengi wanaelewa masihara ya kawaida. Zamani neno hilo lilibeba uzito mwingine. Utani ulikuwa uhusiano kamili, kama ulivyo undugu. Ndani ya familia, babu anamtania mjukuu, shemeji anamtania shemeji, na watoto wa mjomba na shangazi wanataniana wao kwa wao. Nje ya familia, kabila zima lina watani wake: Wahehe na Wangoni, Wahehe na Wagogo, na kadhalika.

Uhusiano huo ulikuwa na sheria ambazo hazikuandikwa, lakini kila mtu alizijua. Ya kwanza, mtani haruhusiwi kukasirika. Akikuita mwizi mbele ya wakwe zako, unameza. Ya pili, unajibu, na jibu lizidi alichosema yeye. Ukinyamaza umeshindwa, ukinuna umeharibu. Ya tatu ndiyo wengi wameisahau: mtani ana wajibu. Anayekutukana leo ndiye atakayekuja kukuzika kesho. Kuchimba kaburi, kupika msibani, kuwaamrisha wafiwa wale wakati hawataki kula, kumkumbusha mtu mzima kwamba maisha yanaendelea, zote hizo zilikuwa kazi za watani.

Wasomi walianza kulichimba suala hili zamani. Mwaka 1940 Mwingereza A. R. Radcliffe-Brown aliandika makala iliyokuja kuwa maarufu sana kuhusu uhusiano wa aina hii, akaueleza kuwa ni mchanganyiko wa urafiki na uadui kwa pamoja, yaani dharau iliyopewa ruhusa. Miaka hiyo hiyo ya 1940, R. E. Moreau aliandika kuhusu utani wa makabila ya Tanganyika. Kinachofurahisha ni kwamba Moreau kwa taaluma alikuwa mtu wa ndege. Alifanya kazi kwenye kituo cha utafiti cha Amani kule Tanga, akichunguza ndege wa misituni. Inaelekea mtu akiishi Tanganyika muda wa kutosha, hata akiwa na darubini ya ndege mkononi, hawezi kuacha kuusikia utani.

Kutoka kwenye mkuki hadi kwenye mdomo

Ili kuelewa kwa nini Mngoni aruke ndani ya kaburi la Mhehe, turudi nyuma kidogo.

Katikati ya karne ya 19, chifu Munyigumba aliziunganisha koo nyingi za Uhehe zikawa dola moja yenye jeshi la kuogopwa. Wangoni nao walikuwa wametoka mbali sana kusini mwa Afrika, wakapigana njia nzima, na baadhi yao wakatulia katika nchi ya Songea. Wababe wawili wakawa majirani. Kati ya mwaka 1878 na 1882 walipigana vita vikali. Munyigumba alifariki mwanzoni mwa kipindi hicho, na mwanae Mkwawa akaja kushika uongozi. Mwisho wa vita hakuna aliyemmaliza mwenzake. Kila upande ulizika watu wake na kurudi nyumbani.

Baada ya hapo historia inayofundishwa shuleni inaruka moja kwa moja hadi Lugalo, tarehe 17 Agosti 1891, Wahehe walipokiangamiza kikosi cha Wajerumani na kumuua kamanda wake, Emil von Zelewski. Halafu kuanguka kwa ngome ya Kalenga mwaka 1894, halafu kifo cha Mkwawa mwaka 1898. Hayo ni mambo makubwa, yana makumbusho na minara.

Lakini kuna swali dogo ambalo halina mnara. Watu wawili ambao baba zao waliuana, wakikutana njiani bila mkuki, wanaongea nini?

Kunyamaza ni hatari, maana kimya kinafuga kinyongo. Kuomba msamaha ni kazi ngumu, maana nani aanze, na kwa kosa la nani? Kusimulia ukweli wote ni kuwasha moto upya. Maelezo yanayorudiwa sana na wazee ni kwamba hapo ndipo utani ulipoingia. Mmoja anasema, "Nyie tuliwakimbiza kama kuku." Mwingine anajibu, "Mlitukimbiza? Mbona nyinyi ndo mlikuwa mbele?" Kitu kile kile cha kutisha, yaani vita, sasa kimekuwa mezani, kinashikwa na kugeuzwa. Hakijafichwa na hakimuumi mtu.

Ugumu wake ni kwamba maneno hayo huwezi kuyakariri. Mtu akija na utani aliouandaa nyumbani, utasikika kama tusi la kweli, maana haujali anachosema mwenzake wala sura yake ikoje sasa hivi. Mtani lazima amtazame mtu usoni, asikie, apime, kisha abuni papo hapo. Akizidisha kidogo, damu. Akipunguza, haina maana. Kwa hiyo walichokuwa wakifanya wale watu wasio na majina kilikuwa aina ya kusikiliza kwa makini sana, ila kwa mwonekano wa kelele na fujo.

Na urafiki huo ulijaribiwa. Wakati wa Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, Wangoni waliingia vitani dhidi ya Wajerumani, huku Wahehe kwa sehemu kubwa wakibaki upande wa serikali. Kwa mara nyingine walikuwa pande mbili. Bado utani wao umefika hadi leo.

Mbeya: kucheza huku unaogopa

Ukivuka kwenda upande wa Mbeya, hasa Rungwe na Kyela kwa Wanyakyusa, unakuta njia nyingine ya kufika pale pale.

Kati ya mwaka 1934 na 1938, mtu na mkewe, Godfrey na Monica Wilson, waliishi na kufanya utafiti kule Rungwe. Godfrey alichapisha mwaka 1939 makala kuhusu mazishi ya Wanyakyusa, na Monica baadaye akaandika vitabu kadhaa. Walichokiona msibani kiliwashangaza. Wanawake walikuwa wakilia, na hapo hapo wanaume wakipiga ngoma na kucheza kwa nguvu, mikuki mikononi, wakikanyaga ardhi kwa hasira. Kadiri muda ulivyokwenda, ngoma ile ilibadilika polepole. Hasira ikapungua, vijana wakaanza kujionyesha mbele ya wasichana, mizaha ikaanza, vicheko vikasikika. Mgeni angedhani hawa watu hawana huzuni. Walipoulizwa, Wanyakyusa walieleza kinyume chake: wanacheza kwa sababu moyoni kuna vita, kuna uchungu na hofu, na mwili usipopewa njia ya kuvitoa, vitabaki ndani.

Kuna jambo la ajabu zaidi ambalo Monica Wilson aliliandika. Katika mila za msiba, wafiwa walirushiwa takataka na kuigizwa mambo ya wazimu. Maana yake ilikuwa kwamba wazimu unaoletwa na kifo uje sasa, kwa kuigizwa, usije baadaye kwa kweli. Yaani unauchezea woga wako mbele ya watu, siku moja, ili usikuvamie ukiwa peke yako usiku.

Wanyakyusa walikuwa pia na mfumo uliowafundisha watu kuongea. Wavulana wakifika umri wa miaka kumi hivi, waliondoka kwenye nyumba za wazazi na kuanzisha kijiji chao wao wenyewe wa rika moja. Huko waliishi pamoja hadi utu uzima. Kitu walichothamini sana waliita ukwangala, yaani kukaa na wenzako, kula pamoja, kunywa pamoja na kupiga stori kwa raha. Monica Wilson alikitoa kitabu kizima kuhusu vijiji hivi mwaka 1951. Kwa Mnyakyusa wa wakati ule, akili haikuja kwa kukaa peke yako. Ilikuja kwa kubishana na wenzako usiku, kutaniwa, kukosea, kuchekwa na kujaribu tena kesho yake. Mtoto aliyekaa miaka yote kwenye baraza kama hilo, akisimama mbele ya wazee haoni kitu kipya. Ameshachekwa mara elfu na hakufa.

Manamba na mtani wa ugenini

Halafu ukaja woga wa aina mpya: ugenini. Wakati wa ukoloni vijana wengi wa Nyanda za Juu Kusini walisafiri kutafuta kodi na mshahara. Wabena, Wahehe na Wangoni walipelekwa kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga, wakaitwa manamba. Wanyakyusa wengi walikwenda kwenye dhahabu ya Lupa kule Chunya, wengine wakavuka hadi kwenye migodi ya shaba ya Zambia ya leo. Mji wa Mbeya wenyewe ulikua miaka ya 1920 na 1930 kwa sababu ya dhahabu hiyo.

Fikiria kijana wa miaka kumi na nane, ameshuka kambini usiku. Hamjui mtu, Kiswahili chenyewe cha kuokoteza, msimamizi mkali. Mara mtu asiyemfahamu anamvamia kwa matusi: "Wewe Mhehe, nani kakuruhusu kuingia huku? Mbwa wetu tumeshawaficha!" Kwa mtu wa nje, huo ni ugomvi. Kwa kijana yule ni habari njema kuliko zote: huyu ni mtani. Maana yake akiugua, kuna mtu wa kumpa uji. Akifa, kuna mtu wa kumzika. Kinachotakiwa ni kimoja tu, kijana ajibu. Akijibu vizuri, kicheko kinatoka, nafasi ya kulala inapatikana.

Mambo yalikuwa hivyo hivyo Dar es Salaam. J. A. K. Leslie, aliyefanya utafiti wa maisha ya mji huo miaka ya 1950 na kuuchapisha mwaka 1963, aliutaja utani kama moja ya nguzo za watu waliofika mjini bila ndugu. Mtani alisimama pale ambapo ndugu hayupo.

Chicago nako walifika hapo hapo

Kuna kitu kinachofanana na hiki upande wa pili wa dunia. Miaka ya 1930 mjini Chicago, mwalimu mmoja wa kike, Viola Spolin, alikuwa akifundisha maigizo kwa watoto wa wahamiaji. Walitoka nchi tofauti, lugha tofauti, na wengi waliona aibu kufungua mdomo. Badala ya kuwapa maneno ya kukariri, Spolin akabuni michezo: pokea alichokupa mwenzako, ongeza chako, usikatae, usipange. Michezo hiyo ikawa kitabu mwaka 1963, na mwanae, Paul Sills, akawa mmoja wa waanzilishi wa kundi la vichekesho la Second City mwaka 1959. Wachekeshaji wengi wakubwa wa Marekani walipitia njia hiyo.

Mwaka 2020, watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walichapisha jaribio lao. Kundi moja lilifanya michezo ya kubuni papo kwa papo kwa dakika 20, lingine likafanya mazungumzo yaliyoandikwa tayari. Waliobuni walitoka wakiwa na uvumilivu zaidi kwa jambo ambalo mwisho wake haujulikani.

Hapo ndipo penyewe. Kinachomfanya mtu atetemeke akisimama kuongea, iwe kwenye usaili wa kazi, darasani, ukweni au mbele ya bosi, mara nyingi ni kutojua kitakachofuata, hata kama somo lenyewe analijua. Atauliza nini? Nikikosea je? Wakinicheka je? Mtani wa Iringa alifanyishwa mazoezi ya hali hiyo tangu utotoni, kila siku, na babu yake mwenyewe.

Tanzania nayo imewahi kulitumia wazo hili kwa makusudi. Mwaka 1996 wahadhiri wa sanaa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianzisha mradi wa Tuseme kwenye shule za sekondari, ambapo wasichana waliigiza matatizo yao wenyewe kisha wakayajadili. Msichana ambaye asingethubutu kusimama na kusema "mwalimu ananisumbua" aliweza kuliigiza jambo hilo jukwaani, na likishaigizwa, limeshasemwa.

Kilichobaki na kilichopotea

Isije ikaonekana zamani kila kitu kilikuwa asali. Utani ulikuwa na ubaya wake. Kwa jina la utani wa shemeji, wanawake wengi wameshikwashikwa bila ridhaa yao, na wakilalamika wanaambiwa "huyo ni mtani wako, unakasirika nini?" Ile sheria ya kutokasirika ilikuwa tamu kwa mwenye nguvu na chungu kwa asiye na pa kujibu. Na maneno kuhusu kabila la mtu yanachekesha pale tu ambapo wote wawili wana haki sawa ya kurudisha. Kukiwa na mmoja wa kusema na mwingine wa kumeza tu, huo ni uonevu uliovaa nguo za utani.

Sasa angalia simu yako. Ufundi wa kubuni papo kwa papo haujafa hata kidogo. Wasela wanachana fristaili vijiweni Mwanjelwa. Wachekeshaji wanajaza kumbi. Picha ya mtu ikipanda mtandaoni saa mbili, saa mbili na dakika tano imeshapata majina kumi na mawili. Kwa kasi ya maneno, kizazi hiki kinaweza kuwazidi hata wazee.

Ila zile sheria tatu zimebaki nusu. "Usikasirike" ipo, tena inalazimishwa. "Jibu" ipo kwa wachache wenye wafuasi. Ya tatu, ile ya wajibu, imeyeyuka. Mtu anamchana mtu asiyemjua, ambaye hatamuona maishani, na siku jamaa huyo akipata msiba, mchanaji yuko kwenye picha ya mtu mwingine. Ndiyo maana kicheko kile kile ambacho zamani kiliondoa woga, leo kinauzalisha. Watoto wanaogopa kuongea darasani kwa sababu kuna anayerekodi. Mzee aliyechekwa kwenye baraza la ukwangala alichekwa na watu ambao kesho yake angekula nao. Anayechekwa mtandaoni anachekwa na watu elfu kumi, na hakuna hata mmoja anayemletea uji.

Kurudisha jambo hili hakuhitaji mradi wala wafadhili. Linaanza na watu watatu wanaoaminiana. Mkae, simu chini, mmoja atupe neno, mwingine alipokee na kuongeza. Ukikosea mcheke, halafu endeleeni. Fanyeni hivyo wiki kadhaa kabla ya usaili, kabla ya kwenda kutoa mahari, kabla ya kumwambia mama jambo ambalo limekukaa kooni mwaka mzima. Woga wenyewe utabaki. Ila utakuwa umeshauzoea, kama Mnyakyusa alivyoizoea hofu ya kifo kwa kuicheza mchana kweupe mbele ya watu.

Na ukitaka kujua kama kweli wewe ni mtani au ni mtu wa matusi tu, kipimo kipo, na ni cha zamani. Yule jamaa wa kaburini alimtukana marehemu, akawatukana wafiwa, akala na hela yao. Jioni, wageni walipokuwa wameshaondoka na magari yamewashwa, yeye ndiye aliyebaki pale kwa mjane, koti limejaa udongo mwekundu, akipasua kuni za usiku.